Mwenye Malipo Mawili Asipewe Adhabu Mbili

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na walimu wa madrasa mjini Kasulu, kisha Kibondo)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Muumba wa watu kwa sura, ndimi na vipaji mbalimbali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), mwalimu aliyetumwa kwa watu wote, wepesi wa kufahamu na wazito wa kufahamu, pamoja na jamaa zake na Maswahaba wake.

Ama baada ya hayo.



Kila unapoingia mwezi wa Ramadhani, misikiti hujaa watu kusikiliza mashindano ya kuhifadhi Qur-an. Mtoto hodari husimama akasoma, akapewa zawadi, na baba yake akapokea mikono ya pongezi hadi mlangoni. Hilo ni jema, na tunamuomba Allah atuzidishie. Lakini katika madrasa hizo hizo wapo watoto ambao huu ni mwaka wa tatu wanakaa mbele ya ubao, na bado hawajaweza kutofautisha ba na ta. Hao hawapelekwi kwenye mashindano. Siku ya wageni huketishwa nyuma, au huambiwa wabaki nyumbani. Leo tunataka kuzungumza habari zao na habari za wazazi wao, kwa sababu kilio chao hakisikiki msikitini.

MAJINA MABAYA

Watoto hawa tumewapa majina mengi: mbumbumbu, zuzu, kilaza, kichwa kigumu. Majina haya hutamkwa na wenzao mchezoni, hutamkwa na baadhi ya walimu darasani, na jambo la kusikitisha zaidi ni kuwa hutamkwa na wazazi nyumbani wakati wa chakula. Mtoto akiitwa hivyo kwa miaka mitatu, huacha kuyasikia kama matusi na huanza kuyapokea kama habari za kweli juu ya nafsi yake.

Ndugu zetu, ni lazima tufahamu kwanza kuwa si kila mtoto asiyejua kusoma ana tatizo lake mwenyewe. Utafiti wa Uwezo uliofanyika nchini mwaka 2011 ulionesha kuwa ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliomudu kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hatuwezi kusema kwamba saba waliobaki wote walikuwa na vichwa vizito. Yapo madarasa yenye watoto mia na zaidi, upo upungufu wa vitabu, ipo njaa, na ipo safari ndefu ya miguu kabla ya kengele kugongwa. Tena mtoto wa huku kwetu huzungumza Kiha kwa mama yake, hufundishwa Kiswahili shuleni, na alasiri huja madrasa akakuta herufi nyingine kabisa, zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, zinazotofautiana kwa nukta moja, mbili au tatu. Mtu mzima angepewa kazi hiyo angeomba muda.

Hata hivyo, ndani ya kundi hilo kubwa wapo wachache ambao hata ukiwapunguzia msongamano, ukawapa kitabu na ukawashibisha, bado herufi zinawakataa. Hao ndio wanaopotea kabisa, kwa sababu katika umati wa wasiojua kusoma hakuna anayewatambua. Wataalamu wanaoandika kwa Kiarabu huliita jambo hili su'ubatut-ta'allum, yaani ugumu wa kujifunza, na ule wa kusoma huuita usrul-qiraa. Wengine huuita disleksia. Unatokana na namna ubongo unavyounganisha sauti na herufi. Hautokani na uvivu, wala si dalili ya upungufu wa akili, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo habari za kijana wa miaka 14, mwerevu katika michezo na hodari wa hesabu, ambaye baada ya miaka mingi ya kufundishwa alishindwa kusoma hata maneno mafupi. Mwalimu wake alishuhudia kuwa, lau masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana yule angekuwa wa mbele kabisa shuleni. Ushahidi huo una miaka zaidi ya mia moja na ishirini, na bado wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa dawa yake ni fimbo.

MTOTO WA KIJIJI KIMOJA

Tunamfahamu mtoto mmoja wa kijiji kilichopo kati ya Kasulu na Kibondo, ambaye jina lake tunalihifadhi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na moja alikuwa amehifadhi sura nyingi za Juzuu Amma kwa kusikia tu. Siku moja mwalimu wake alimfungulia msahafu, akaweka kidole katikati ya mstari na kumtaka aanzie hapo. Mtoto alinyamaza. Sura aliyoijua kwa moyo hakuweza kuitambua ilipoandikwa. Mwalimu akaona anafanyiwa mzaha, akamchapa. Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amekwisha kuchapwa shuleni kwa sababu ya imla ya Kiswahili.

Mtoto huyo alijua kila mbuzi wa jirani kwa alama zake. Mama yake alipouza maharage kwa mkopo, ndiye aliyekumbuka nani anadaiwa debe na nani anadaiwa nusu. Lakini hayo hayakuhesabiwa kuwa ni akili. Akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi ya Jumatatu. Baadaye akawa anatoka na begi lake, akashinda mtoni, akarudi jioni kama aliyetoka shule. Hatimaye alikutwa kwenye stendi ya mabasi ya Kasulu, yupo na vijana wakubwa waliokuwa wakielekea kwenye mashamba ya tumbaku huko Urambo.

Tulipokwenda kuzungumza na baba yake tulimkuta amekasirika. Alisema kuwa ukoo wake hauna mjinga, na kwamba ujinga huo umetoka upande wa mama wa mtoto. Mama alikuwa amekaa kizingitini, ameinamisha kichwa, hasemi neno. Tukazungumza kwa muda mrefu. Kisha baba yule akatoa barua mfukoni, iliyotoka ofisi ya kijiji, na kutuomba tumsomee. Tulipomaliza alikaa kimya, halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Maalim, mimi niliishia darasa la pili. Nilipigwa sana. Nilitaraji huyu ndiye angenifutia aibu."

Ndugu zetu, tuyazingatie maneno hayo. Ile hasira iliyomshukia mtoto ilikuwa ni aibu ya baba iliyokaa kifuani kwa zaidi ya miaka ishirini. Naye aliwahi kuwa mtoto aliyeketishwa nyuma. Jambo lililopaswa kumfanya awe mtu wa kwanza kumfahamu mwanawe ndilo lililomfanya awe mkali kuliko wote.

NYUMBA INAVYOGAWANYIKA

Hivyo ndivyo jambo hili linavyoingia ndani ya nyumba. Baba humtupia mama lawama, na mama, kwa kuogopa maneno ya mawifi, humficha mtoto au humfanyia kazi zake usiku ili asichapwe. Ndugu zake walio hodari hupewa sifa mbele yake, na chuki huanza kati ya watoto wa tumbo moja. Wengine huambiwa kuwa mtoto amerogwa au ana jini, wakauza mbuzi, kisha shamba, kumlipa mganga na kununua hirizi. Dua kwa mgonjwa na ruqya iliyo sahihi ni katika dini yetu, lakini hirizi haimfundishi mtoto herufi. Inamwongezea hofu ya kudhani kuwa ndani yake kuna kitu kibaya.

Na mtoto mwenyewe? Wapo wanaonyamaza kabisa, ukadhani ni wapole. Wapo wanaogeuka wachekeshaji wa darasa, kwa kuwa ni afadhali kuchekwa kwa kupenda kuliko kuchekwa kwa kushindwa. Wapo wanaokuwa wagomvi, na wapo wanaojifunza uongo, kwani mtu anayeadhibiwa kwa jambo asiloliweza hana njia nyingine ya kujiokoa. Tukio lolote kati ya haya likitokea, sisi huliita utovu wa adabu, tukatibu tawi na kuuacha mzizi.

Wazee waliopo hapa wanazijua habari za manamba. Wakati wa ukoloni mkoa wetu ulikuwa mahali pa kuchukulia vibarua wa mashamba ya mkonge, na vijana wa Kiha waliondoka kwa maelfu kwenda mashariki mwa nchi. Kijana wa leo anayekimbia shule na madrasa kwa aibu huishika njia hiyo hiyo, tofauti ni kuwa mkonge umekuwa tumbaku. Huko hakuna anayemuuliza kama anajua kusoma. Kwake hiyo ni nafuu, na kwetu sisi ni hasara, kwa sababu tumempoteza mtu tuliyepewa kuwa amana.

DINI YETU INASEMAJE

Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametufahamisha daraja mbili za wasomaji wa Qur-an. Aliye hodari atakuwa pamoja na Malaika watukufu. Ama yule anayesoma kwa kujikwaa, na kusoma kukawa kuzito kwake, huyo ana malipo mawili. Wanavyuoni wameeleza kuwa moja ni la kusoma kwake na la pili ni la taabu yake.

Tazameni basi, ndugu zetu, umbali uliopo kati ya hukumu hiyo na desturi yetu. Mtoto anayejikwaa, ambaye ameandaliwa malipo mawili, sisi tunampa adhabu mbili: moja shuleni na moja madrasa. Na akirudi nyumbani huongezewa ya tatu.

Musa (a.s.) alikuwa na uzito katika ulimi. Alimuomba Mola wake amfungulie fundo hilo, na akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Alipewa alichoomba na akapewa msaidizi, wala uzito huo haukumzuia kuwa Mtume. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Suratu Abasa. Baadaye alikuwa muadhini, na akaachiwa Madina zaidi ya mara moja Mtume (s.a.w.) aliposafiri. Imamu Ash-Shatibi, aliyefariki Cairo mwaka 590 Hijria, alikuwa kipofu, na shairi lake la elimu ya visomo saba linahifadhiwa na wanafunzi wa qiraa hadi leo. Elimu yetu tangu mwanzo imepokewa kwa sikio, kutoka kinywa cha mwalimu kwenda kwa mwanafunzi. Itakuwaje leo mtoto aliyehifadhi kwa sikio ahesabiwe kuwa hakusoma?

Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, na alisimulia kuwa hakuwahi kusikia kwake hata neno la kuonesha kuchoshwa naye. Wanavyuoni waliokuja baadaye waliifuata njia hiyo. Al-Qabisi wa Kairouan, aliyefariki mwaka 403 Hijria, aliwawekea walimu wa watoto mpaka wa fimbo tatu, wala mwalimu asizidishe ila kwa idhini ya mlezi. Ibn Khaldun katika Muqaddima ameweka mlango maalumu wa kueleza kuwa ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, huwadhuru. Huwaondolea uchangamfu, huwapeleka kwenye uvivu, na huwafundisha uongo na hila kwa kuogopa mikono ya wakubwa. Aliyasema hayo zaidi ya miaka mia sita iliyopita, na tukiwatazama watoto wetu tunayaona.

Hata sheria ya nchi haimruhusu kila mtu kuchapa atakavyo. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka kikomo cha viboko vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, vitolewe na mwalimu mkuu au yule aliyempa idhini ya maandishi. Kushindwa kusoma neno ubaoni si kosa la nidhamu.

TUFANYE NINI

Kwanza, tuanze na macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao vizuri hawezi kuusoma, na asiyesikia vizuri hawezi kutofautisha sauti. Wengi wetu tunaifahamu Kabanga, hapa wilayani Kasulu, ambako mwishoni mwa miaka ya 2000 watoto wenye ualbino walihifadhiwa shuleni wakati maisha yao yalipokuwa hatarini. Watoto wenye ualbino wana uoni hafifu. Mara ngapi mtoto wa namna hiyo ameketishwa nyuma ya darasa, akaitwa mzito, kumbe alihitaji kusogezwa mbele na kuandikiwa herufi kubwa? Aidha, mtoto aliyewahi kuugua malaria kali iliyopanda kichwani anaweza kubaki na athari katika kumbukumbu na usikivu. Mzazi anayejua historia hiyo amwambie mwalimu.

Pili, tuitazame hofu. Mwaka 2015 na baada yake tuliwapokea majirani zetu kutoka Burundi kwa maelfu, katika kambi za Nyarugusu na Nduta, kama tulivyowapokea wa Kongo tangu mwaka 1996. Mtoto aliyekimbia usiku na kuona aliyoyaona anaweza kukaa darasani mwaka mzima asishike kitu. Akili yake ni nzima, ila haijatulia. Mtoto kama huyo huhitaji usalama kabla ya alifu, na hata mtoto wa nyumba yenye ugomvi ni hivyo hivyo.

Tatu, namna ya kufundisha. Mtoto mzito wa kusoma afundishwe herufi moja kwa siku kadhaa, si herufi tano kwa siku moja. Aitamke, aiandike mchangani kwa kidole, aitafute katika sura anayoijua, kisha ndipo iongezwe nyingine. Akumbushwe jana kabla ya leo. Asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake bila ya kujiandaa, na apewe muda. Akihifadhi kwa kusikia, hifadhi yake iandikwe kwenye daftari la mwalimu kama ya wengine. Njia hizi hazihitaji fedha. Mchanga tunao na vidole tunavyo.

Nne, wazazi wasilinganishe watoto. Baba amtafutie mwanawe jambo analoliweza na alitaje mbele ya watu, liwe ni kuchunga, kuhesabu, kufuma mkeka au kuadhini. Mume asimnyooshee kidole mkewe, kwa maana mtoto huyo ni wa wote wawili na Muumba wake ni mmoja. Na baba ambaye naye hakujua kusoma asione aibu kumwambia mwanawe hivyo. Huenda hakuna maneno yatakayomfariji mtoto huyo kuliko hayo.

Tano, tudai haki yao shuleni kwa utaratibu na adabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinamtambua mtoto mwenye mahitaji maalumu kuwa na haki ya elimu kama wenzake. Wapo walimu wa elimu maalumu, na chuo cha Patandi mkoani Arusha kinajulikana kwa kuwaandaa. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu na kwenye ofisi ya elimu ya wilaya, aulize kama mwalimu wa namna hiyo yupo karibu. Akienda peke yake anaweza kurudishwa. Wakienda wazazi kumi wa msikiti mmoja, watasikilizwa.

HITIMISHO

Mtoto yule tuliyemtaja amerudi darasani. Tusiwadanganye kuwa sasa anasoma kama maji. Anasoma mstari mmoja kwa muda ambao mwenzake anasoma ukurasa, na kidole chake hakiondoki chini ya neno. Lakini Jumatatu haumwi tumbo tena, na baba yake humsikiliza kila usiku baada ya Isha. Baba hawezi kumsahihisha, ila anakaa naye mpaka amalize.

Hilo kila mmoja wetu analiweza. Kesho tutakapofikisha watoto wetu mbele ya Allah, hatutaulizwa ni wangapi walishinda mashindano. Tutaulizwa juu ya amana, na mtoto anayejikwaa ni amana kama alivyo yule hodari.

Tunamuomba Allah (s.w.) awafungulie watoto wetu vifua na ndimi, awape wazazi wao subira na kuhurumiana, na atujaalie sisi walimu upole na ufahamu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.